Leo Haifungwi

Ninyi mnaokuja Ifakara kila Julai kufanya fildi kwa mawakili, na suti zenu nyeusi na viatu vinavyobana, nawaona mkipita. Nyumba yangu iko kwenye njia ya kutoka stendi. Mnapita kwenye bajaji mmekumbatia mabegi, vumbi limewajaa hadi kwenye nyusi, na mnauliza ofisi iko wapi. Wachache mmefika hadi barazani kwangu, mkanipa shikamoo, mkasema, "Mama Leokadia, tumeambiwa wewe ulikuwa karani pale miaka thelathini na moja, tupe mawili matatu ya kutusaidia." Nami nimewapa. Msile chipsi juu ya majalada. Msimwite mteja "mkuu". Msivae viatu virefu siku ya kwenda kukagua shamba la mtu. Mmecheka, mmeandika, mmeondoka.

Hayo siyo niliyotakiwa kuwaambia. Niliyotakiwa kuwaambia nimeyaandika humu kwenye daftari, maana kwa mdomo yanagoma.

Nianze na lililo jepesi. Mwaka mmoja tulipata mwanafunzi kutoka Dar es Salaam, kijana msafi, kichwa kimejaa sheria. Nikampa kazi ya kumsomea mzee mmoja wa Sanje hati ya madai yake. Akamsomea kurasa tisa bila kumeza mate, na kila ukurasa anauliza, "Umeelewa, mzee?" Mzee anajibu, "Ndiyo, mwanangu." Kurasa tisa, ndiyo tisa. Nikasogea, nikamuuliza yule mzee, "Baba, hebu nisimulie mimi, huyu kijana amekwambia nini?" Mzee akanitazama, akasema kwa upole kabisa, "Amesema vizuri sana. Ana sauti nzuri. Angefaa kusoma somo kanisani." Ofisi nzima ilivunjika mbavu. Kijana wa watu alitoka jasho.

Lakini lichukueni hilo, ni kazi halisi. Mtu wa bonde hili hawezi kumwambia msomi kwamba hajaelewa, anaona ni kumvunjia heshima. Usimuulize kama ameelewa. Mwombe akusimulie. Kama hawezi kusimulia, wewe ndiye hujaeleza.

Mimi nilifundishwa na Mzee Faustini, karani wa kwanza wa ofisi ile, mtu wa Mahenge, mwembamba, mwenye hasira za ghafla na kikohozi kisichoisha. Alinipiga rula ya vidole siku niliyokosea kupanga majalada, na mimi nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto wawili. Enzi zile tulikuwa na taipureta. Ukikosea herufi moja unaanza ukurasa upya, kwa hiyo ulikuwa unafikiri kabla ya kugonga. Siku hizi mnafuta, mnafuta tena, shauri linasajiliwa kwa mtandao, na ukikosea kompyuta inakuambia kwa wekundu. Mambo mazuri. Ila kuna makosa ambayo kompyuta haiyaoni.

Mzee Faustini ndiye aliyenionyesha kamba.

Mtacheka, lakini sikilizeni. Wateja wetu wengi ni wakulima wa mpunga. Msimu ukianza, mtu anafunga nyumba yake kijijini, anahamia shambani na sufuria na mkeka, na anakaa huko miezi hadi mavuno. Kule hakuna kalenda. Simu zipo, siwaongopei, lakini mtandao unashika juu ya kichuguu kimoja tu, mwenye simu ni jirani, na chaji imekwisha tangu Jumapili. Ukimwandikia mama asiyejua kusoma tarehe ya shauri kwenye karatasi, karatasi anaiwashia moto. Kwa hiyo tulimfungia kamba ya mafundo. Kila asubuhi akiamka anafungua fundo moja. Asubuhi anayofungua la mwisho, ndiyo siku ya kupanda gari kuja Ifakara. Analala kwa ndugu, kesho yake asubuhi yuko ofisini kwetu, tunakwenda naye kwenye shauri. Kwa njia hiyo Mzee Faustini hakupoteza mteja hata mmoja, na kwa miaka mingi mimi pia sikupoteza.

Kamba ina sheria moja. Alinirudia nayo mpaka nikaiota. "Leo haifungwi," alikuwa akisema. "Leo yuko mbele yako, ameshaamka, hana cha kufungua. Fundo la kwanza ni la kesho." Ukihesabu na leo, umempa mtu fundo moja la ziada, na fundo moja la ziada ni siku moja ya kuchelewa. Hakuna sheria nyingine. Mtoto wa darasa la pili angeweza kuishika.

Sasa nifike kwa Editha.

Alikuja kufanya fildi ya wiki nane akiwa mwaka wa tatu. Hakutoka mbali, kwao Sanje, mama yake aliuza ndizi kando ya barabara kuu. Alikuwa na sketi mbili tu na alizibadilisha kwa zamu. Mpole, lakini ana kauzito fulani, ukimtuma kitu lazima aulize kwa nini. Mimi sikupenda hilo. Niseme ukweli, sikupenda wanafunzi kwa jumla mwaka ule. Wakili wetu, tuliyemwita Msomi kama mawakili wanavyoitana mahakamani, alikuwa ameanza kusema ofisi inahitaji mtu wa kompyuta. Alisema akiangalia dirishani, lakini nilijua anamsemea nani. Nilikuwa nimebakiza miaka mitano nistaafu. Kwa hiyo nilikuwa natafuta kila nafasi ya kuonyesha kwamba bila Leokadia ofisi ile haiendi.

Tarehe nane mwezi wa saba akaja Bibi Kresensia kutoka Masagati. Mjane, mfupi, mkono mmoja ulikuwa umepinda tangu utotoni, na kitenge chake cha Jumapili kilikunjwa vizuri kichwani. Tulikuwa na shauri lake kwenye baraza la ardhi. Mumewe alikuwa amefariki, na mtoto wa kaka wa marehemu aliingia kwenye bonde lao la mpunga, akasema mwanamke aliyezaa binti tu hana bonde. Bibi hakuwa na shamba lingine. Alikuwa na lile, na binti yake Anjelina, basi. Shauri lilikuwa limeshaahirishwa mara mbili kwa maombi yetu wenyewe, na mwenyekiti wa baraza alituambia hataahirisha tena. Tarehe ishirini na mbili Bibi alitakiwa aje atoe ushahidi wake. Asipokuja, hakuna ushahidi.

Nikamwita Editha ashike ncha ya kamba. "Njoo ujifunze kitu ambacho chuoni hawana," nikamwambia, na nilihakikisha Msomi anasikia mlangoni kwake. Nikaanza kufunga huku naongea, simwangalii mtu, vidole vinakwenda vyenyewe kama vya mshona mikeka. Nahesabu kwa sauti: nane, tisa, kumi, kumi na moja, mpaka ishirini na moja, siku ya kupanda gari. Mafundo kumi na manne. Nikayavuta yakakaza.

Editha akasema taratibu, "Mama, samahani. Na fundo la leo umelihesabu? Si ataanza kufungua kesho?"

Nilimsikia. Nataka mjue kwamba nilimsikia vizuri sana. Na ndani yangu kitu kilishtuka, kwa sababu ilikuwa ni sauti ya Mzee Faustini ikitoka kwenye mdomo wa msichana mwenye sketi mbili. Lakini Msomi alikuwa mlangoni. Nikasema, "Binti, mimi nimefunga kamba hizi kabla hujazaliwa. Wewe shika ncha." Msomi akacheka. Bibi naye akacheka, kwa adabu. Editha akainama, masikio yamewaka.

Ningeweza kuihesabu tena baadaye, peke yangu, kabla Bibi hajavuka mlango. Dakika moja. Sikuihesabu.

Tarehe ishirini na mbili nilikaa mlangoni tangu saa moja asubuhi. Saa mbili, hakuna Bibi. Nikatuma bodaboda kwa ndugu yake anakolalaga, jibu likarudi kwamba hajafika. Na hapo ndipo nilipokumbuka swali la Editha, sikuhitaji hata kuhesabu. Saa tatu Msomi akaingia barazani peke yake, akaomba ahirisho. Mwenyekiti akamkumbusha alichosema. Akafunga upande wetu bila ushahidi, akalitupa shauri.

Bibi alifika ofisini kesho yake asubuhi, saa moja na nusu, kama nilivyokuwa nimemfundisha. Kitenge cha Jumapili. Mfuko wa mchele mpya kichwani, zawadi yetu, mchele wa bonde lile lile. Aliutua, akatoa kamba kwenye pindo la kitenge, akanionyesha. Ilikuwa imenyooka yote.

"Sijaruka hata moja, mama," akasema. "Kuna asubuhi nilikuwa na homa, nikamwambia Anjelina anishikie mkono, nikafungua mwenyewe. Haya, twende barazani."

Msomi alitoka. Alimkalisha Bibi kwenye benchi la nje, akarudi ndani, akafunga mlango. Tulikuwa watatu: yeye, mimi na Editha. Hakupiga kelele. Alisema bado kuna njia. Tuna siku thelathini za kuliomba baraza lifungue shauri upya, mradi tupeleke kiapo kinachoeleza kwa nini mteja hakufika. Kosa likiwa la ofisi na siyo la mteja, na mwenye kosa akiapa kwa jina lake, mwenyekiti anaweza kumwonea Bibi huruma. Kisha akauliza, "Hii kamba alifunga nani?"

Alikuwa mlangoni siku ile, lakini alicheka akarudi kwenye simu yake. Hakuona ni mkono wa nani uliofunga; nikisema nilimwachia mwanafunzi ajifunze, angeamini.

Nikasema, "Alifunga Editha."

Imetoka hivyo, maneno mawili. Editha alinitazama. Nilitegemea apige kelele, na kama angepiga kelele ningekuwa na kitu cha kupigana nacho. Alinitazama tu, kama mtu aliyeona nyoka ndani ya nyumba ya mama yake. Ninyi mnajua tulivyolelewa, mtoto hamwambii mtu mzima kwamba anasema uongo.

Msomi akaandika kiapo siku ile ile. "Mimi Editha, mwanafunzi wa sheria, naapa na kusema kwamba..." Akamwita asome, kisha wavuke barabara kwa kamishna wa viapo. Editha akasoma ukurasa wote amesimama. Akaurudisha mezani, akaunyoosha.

"Msomi, hiki siwezi kukiapa."

"Unaogopa?"

"Hapana. Siyo kweli."

"Kwa hiyo Mama Leokadia ni mwongo?"

"Sijasema hivyo," akajibu. "Nimesema mimi siapi kitu ambacho sikukifanya. Mmenifundisha wenyewe kwamba kiapo ni kiapo."

Mimi nilikuwa napiga mihuri kwenye barua. Niliendelea kupiga mihuri. Nilipiga hadi kwenye karatasi zisizohitaji muhuri. Msomi alikichana kile kiapo vipande viwili, akasema vijana wa siku hizi hawawezi kubeba makosa yao. Kumweka mtu mwingine aape hakuweza, maana kwake yeye hapakuwa na mwingine mwenye kosa.

Jioni, wengine walipoondoka, Editha alikuja mezani kwangu. Akapiga goti kidogo kama binti anayemwamkia mama mkwe.

"Mama," akasema, "siku zimebaki ishirini na tisa. Kiapo kinaweza kuandikwa kwa jina lako. Mimi sitamwambia mtu yeyote kilichopita hapa. Nitasema hata kwamba nilisahau. Lakini Bibi asipoteze bonde."

Nikamwambia aende nyumbani, mama yake anamsubiri. Hilo ndilo jibu nililompa.

Kwa Bibi pale nje nilikuwa nimeshakwenda mapema, kabla ya jioni ile. Msomi alimwambia tu kwamba "tunalishughulikia", na yeye akasema ndiyo. Kisha akanigeukia mimi, akanipa ile kamba iliyonyooka. "Basi nifungie nyingine, mama, nijue siku ya kurudi kusikiliza." Hapakuwa na siku. Nilifunga mafundo ishirini. Nilifunga polepole, siku ile yenyewe sikuihesabu, fundo la kwanza la kesho, kazi safi kabisa. Nikajiambia, kabla hayajaisha nitakuwa nimekwenda kwa Msomi, nitakuwa nimeapa, na Bibi atakuta habari njema.

Fildi ya Editha iliisha. Fomu ya tathmini ilikuja kwangu, kwa kuwa mimi ndiye niliyekaa naye kila siku, Msomi alitia sahihi tu chini. Palikuwa na sehemu ya uaminifu na sehemu ya kufuata maelekezo. Sitaandika humu nilichojaza. Alitakiwa kurudia fildi yote mwaka uliofuata, kwa wakili mwingine, mji mwingine.

Bibi alirudi fundo la ishirini lilipokwisha. Zilikuwa zimebaki siku nane za kuomba. Nilikuwa sijasema. Kila asubuhi nilikuwa nimefika mlangoni kwa Msomi, na kila asubuhi nilikuta nimeuliza kuhusu wino au karatasi. Bibi alikaa kwenye benchi, akanisimulia bila hasira kwamba yule mtoto wa shemeji ameshaleta trekta, kwamba yeye na Anjelina wanavunia watu wapate chakula, kwamba kibanda chake pale bondeni kimeondolewa. "Lakini si tunangoja baraza?" akaniuliza. Nikasema tunangoja. Nikamfungia mafundo thelathini.

Siku nane zile zilipita. Niliziona zikipita moja moja. Ya nane ilikuwa Jumatano, nilikwenda kanisani asubuhi, nikarudi kazini, nikapanga majalada kwa herufi. Jioni ile nililifunga jalada la Bibi Kresensia kwa uzi mwekundu na kuliweka kwenye kabati la mashauri yaliyokwisha.

Editha alimaliza, msiwe na wasiwasi. Ni wakili sasa, yuko mkoani. Mwaka wangu wa mwisho alikuja Ifakara kwa shauri fulani, amevaa joho, watu wanampisha njia. Aliniona kwenye korido, akaja moja kwa moja, akanipa shikamoo ile ile. Nikaanza kuongea. Nikasema mwanangu, nilikukosea, ulirudia mwaka mzima kwa ajili yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, mimi nilirudia fildi. Bibi alirudia nini?" Akaitwa ndani, akaenda.

Jibu nilikuwa nalijua.

Ninyi mkiwa pale ofisini mkamwona mtu mzima anahesabu kitu cha mteja, hesabuni naye, kwa sauti. Akikukaripia, hesabu tena. Akikwambia ushike ncha, shika ncha na uendelee kuhesabu. Na siku ukiwa wewe ndiye mtu mzima, na mtoto akakuuliza kama umeihesabu na leo, weka kamba chini hata kama nchi nzima iko mlangoni inakutazama. Mimi sikuiweka chini, na kilichofuata nilikifanya nikiwa na akili zangu timamu, siku baada ya siku, hadi zilipokwisha thelathini.

Ile kamba ya tatu ilirudi kabla ya wakati wake. Aliyeileta alikuwa Anjelina. Alikaa kwenye benchi lile lile, kitenge cheusi begani, akakataa chai. Alisema mama yake alishikwa na homa kwenye shamba la watu walikokuwa wakivuna, akaugua siku nne, wakamzika Masagati. Kisha akaitoa kamba kwenye kitambaa. Ilikuwa bado na mafundo saba.

Nikamuuliza kwa nini amesafiri siku nzima kuniletea kamba.

"Mama mwenyewe alinituma," akasema. "Alisema nikurudishie upesi. Alisema ukiona siku imefika na yeye hajatokea, utakaa mlangoni tangu asubuhi unamngoja bure."